TAHADHARI: "RAM 24" inayouzwa Tanga ni RAM 8

Wakuu wa Tanga, hasa mnaotafuta kompyuta za mezani za mtumba, someni hii kabla hamjatoa hela. Nimeingizwa mjini, tena mjini kwangu, hapahapa Ngamiani.

Tangazo lilikuwa WhatsApp: prosesa i5 ya kizazi cha saba, RAM 24 (yaani GB 24 za kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi ikiwa imewaka), SSD 1TB (diski ya kasi isiyozunguka), laki sita na nusu. Nikaenda kwenye chumba alichopanga muuzaji, akaiwasha mbele yangu, Windows ikafunguka chapu, nikalipa. Kijana wangu anahariri video za harusi, nikajua sasa nimemmaliza kiu.

Wiki haikuisha. Akiunganisha vipande virefu mashine inaganda, kipanya hakisogei. Cha ajabu, programu anazozifungua kila siku zinakuja haraka, lakini faili jipya linakokotwa kama mkokoteni wa nazi.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaingia Performance, kisha Memory. GB 8. Nikafungua Device Manager, kwenye Disk drives nikakuta pameandikwa Intel Optane+931GBHDD. Utapeli wote uko kwenye mstari huo mmoja.

Optane Memory ya Intel ilitoka 2017, vibao vya GB 16 na GB 32. Jina lina neno memory, lakini si RAM. Ni kache: inatunza nakala za vitu unavyovitumia mara kwa mara, ili diski ya kuzunguka (ndiyo hiyo HDD, ya polepole) isihangaishwe kila saa. Sasa jamaa anachukua RAM 8, anajumlisha Optane 16, anakutajia 24. Halafu ile diski ya kuzunguka, kwa kuwa imebebwa na kache, anaibatiza SSD. Kibao kimoja, uongo mara mbili! Na vile anavyokufungulia dukani ni vilevile alivyovifungua tangu asubuhi, vitaachaje kukimbia? Kibao chenyewe si kibovu, tatizo ni bei niliyolipa na jina nililouziwa. Nilipompigia akanijibu, "Mkuu, si imeandikwa memory?" Baada ya hapo namba haipatikani.

Mkienda kununua, ombeni kasha lifunguliwe. Vijiti vya RAM vinasimama wima kwenye mazabodi, vimebanwa kwenye ncha. Optane ni kibao chembamba kilicholala, kimeshikwa na skrubu moja ndogo. Akikataa kufungua, ageni.

Kosa la pili lilikuwa langu. Kwa hasira nikamwita fundi, akakichomoa kibao palepale. Mashine ikagoma kuwaka kabisa. Fundi akasema Windows imekufa, nitoe elfu hamsini apige mpya, na picha za harusi za watu zote zimo humo! Nashukuru sikukubali. Optane na diski zinafanya kazi kama kitu kimoja, na data nyingine huwa bado ziko kwenye kache hazijarudishwa kwenye diski. Ukizitenganisha ghafla, mfumo hauelewi tena.

Tulichofanya: tukarudisha kibao mahali pake, ikawaka. Tukafungua programu ya Intel ya kusimamia diski, tukaenda sehemu ya Optane, tukabonyeza Disable. Ikachukua muda inarudisha data, usizime hapo hata kama unaogopa umeme utakatika (mimi niliomba dua). Ilipomaliza tukaiwasha upya, tukahakikisha kila kitu kipo, tukazima, ndipo tukachomoa. Na msikimbilie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka) kubadili kienyeji RST, hali ya diski inayoendana na Optane, kuwa AHCI, hali ya kawaida, mtakutana na skrini ya buluu. Hata betri ndogo ya saa ikifa inaweza kurudisha mipangilio ya BIOS kwenye ile ya kiwandani, mashine ikagoma vivyo hivyo, kumbe hakuna kilichoharibika.

Sasa nimeweka SSD ya kweli ya GB 480 na kijiti cha pili cha RAM, hela nyingine juu ya ile. Intel wenyewe walitangaza kuachana na biashara ya Optane mwaka 2022, kwa hiyo mashine za namna hii zitazidi kushuka kwenye mitumba.

Chumba cha Ngamiani nimepita, kina mpangaji mwingine anayeuza vitenge. Waja leo waondoka leo. Ila jana tangazo limerudi: picha ileile, kitambaa cha meza kilekile cha maua, namba mpya, na mzigo safari hii eti uko Muheza.