Ruzuku, mkopo au nafuu ya kodi: msaada upi uuchague ukibadilisha mitambo ya joto na baridi nyumbani

Pampu ya joto (mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani) au kiyoyozi cha inveta (kinachopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka) huweza kupunguza bili kila mwezi, ila bei ya kununua na kufunga ndiyo inayowarudisha watu nyuma. Serikali kadhaa hutoa msaada, na wanunuzi wengi huangalia tu kiasi kilichotangazwa. Mimi naangalia fedha inanifikia lini, na nani anatangulia kutoa mfukoni. Aina nne za msaada zilizo hapa chini nimezipanga hasa kwa kigezo hicho, nikianza na iliyo bora.

1. Ruzuku inayokatwa kwenye ankara

Hii haina mshindani. Huko England na Wales, mpango wa serikali uitwao Boiler Upgrade Scheme hutoa pauni 7,500 kwa pampu nyingi za joto. Fundi aliyesajiliwa ndiye anayeomba, na kiasi hicho huondolewa kwenye bei kabla hujalipa. Ankara ikija, tafuta mistari mitatu: bei kamili, ruzuku, salio. Ukiona salio peke yake, usisaini, kwa sababu huna namna ya kujua kama bei ilipandishwa ili kuimeza ruzuku yako. Omba makadirio kwa mafundi wawili watatu, yote yakionyesha bei kamili.

2. Ruzuku ya kurudishiwa

Inaweza kuwa kubwa zaidi. Ujerumani, benki ya serikali iitwayo KfW hurudisha asilimia 30 ya gharama, na kwa wanaostahili nyongeza hufika asilimia 70. Kwa nyumba ya familia moja, gharama inayohesabiwa haizidi euro 30,000. Lakini unalipa kwanza, ndipo unarudishiwa. Na maombi lazima yatangulie kazi: fundi akishaanza, umechelewa.

3. Mkopo usio na riba

Deni ni deni, najua. Hata hivyo nauweka juu ya nafuu ya kodi kwa sababu unamfungulia mlango asiye na akiba. Scotland inauunganisha na ruzuku: pauni 7,500 za bure, na hadi 7,500 nyingine za kukopa bila riba. Mkopo wa muuzaji mwenyewe ni habari nyingine. Kwanza ulizia bei ya taslimu. Mara nyingi riba imejificha kwenye bei ya mkopo.

4. Nafuu ya kodi ya mapato

Hapa kodi unayodaiwa ndiyo inayopunguzwa, kwa hiyo humfaa zaidi mwenye kipato kikubwa. Marekani ilikuwa na nafuu ya asilimia 30 ya gharama, isiyozidi dola 2,000 kwa pampu ya joto. Aliyestahili dola 2,000 lakini akadaiwa kodi ya dola 900 tu mwaka aliofunga mtambo aliishia kwenye 900. Zilizobaki hazikulipwa wala kuhamishiwa mwaka uliofuata.

Msaada wowote utakaoupata, ziba nyufa na weka vizuizi vya joto darini kabla ya kununua mtambo. Nyumba inayovuja hewa hulazimisha mashine kubwa kuliko inavyohitajika, na mashine kubwa hula bajeti yote uliyookoa. Fundi apige hesabu ya ukubwa baada ya kazi hiyo.

Tena uliza ni tarehe ipi inayohesabiwa: ya mkataba, ya malipo au ya kufungwa. Ile nafuu ya Marekani ilikoma 31 Desemba 2025, na kilichotazamwa ni siku mtambo ulipokamilika kufungwa. Aliyelipa Desemba akafungiwa Januari hakupata kitu.