Kurunzi ya Injini: Tathmini ya Taa ya Mkononi Inayokunywa Mafuta

Kwa wiki sita nimekuwa nikitumia kurunzi ambayo haitiwi betri bali mafuta. Ndani ya kiwiliwili chake mna injini ya pistoni moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 0.8, ya aina ile iliyoundwa kwa ajili ya ndege ndogo za mchezo. Injini hiyo huzungusha jenereta yenye kipenyo cha milimita 28, na umeme unaotoka humo huwasha taa ya LED iliyo mbele. Aliyeibuni ni fundi anayefanya kazi peke yake. Alinikabidhi kifaa cha kwanza, kisha cha pili alichokifanyia marekebisho, akaniomba nivitumie kama mtu aliyevinunua na niandike nilichokiona.

Injini zenyewe si ngeni. Kampuni ya Cox ya Marekani ilizitengeneza kwa wingi tangu miaka ya 1950, na ukubwa huu wa inchi za ujazo 0.049 ndio ulioipa jina. Hazina plagi ya kutoa cheche. Juu ya silinda pana waya mwembamba wa platini uliosokotwa kama springi, ambao wakati wa kuwasha hupashwa kwa betri ya volti 1.5 mpaka uwe mwekundu. Injini ikishashika, joto la kila mwako, pamoja na namna methanoli inavyochangamka inapoigusa platini, huuweka waya katika hali hiyo hiyo, na betri huweza kuondolewa. Kwa hiyo kurunzi hii, japo haiendeshwi kwa betri, huhitaji betri ya kuiamsha. Mbunifu hakulificha jambo hilo, na mnunuzi naye anapaswa kulijua kabla ya kuondoka nayo kwenda mahali pa giza.

Kuiwasha ni kazi inayohitaji kujifunza. Unajaza tangi la mililita 60, unafungua sindano ya mafuta, yaani skrubu nyembamba inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini, mizunguko mitatu hivi, unabana klipu ya betri juu ya silinda, unaikaza springi ya kuwashia kwa vidole, kisha unaiachia. Siku ya kwanza nilihangaika kwa dakika 20 na kuilowesha injini kwa mafuta mara mbili. Sasa hushika kwa jaribio la kwanza au la pili, mradi niikumbuke sindano ilipokuwa mara ya mwisho. Sindano hiyo ndiyo roho ya injini: robo ya mzunguko kuelekea upande mmoja huifanya ikohoe na kutoa moshi mzito, na robo kuelekea upande wa pili huifanya ipige kelele kwa nguvu kwa sekunde chache, kisha izimike kwa kukosa mafuta.

Hata hivyo, sehemu iliyonifanya niichukulie taa hii kuwa uvumbuzi halisi haimo katika injini wala katika taa. Imo katika kile kinachoziunganisha, na hapo ndipo tofauti kati ya kifaa cha kwanza na cha pili inapoonekana.

Katika kifaa cha kwanza, mbunifu alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Umeme wa nyaya tatu kutoka kwenye jenereta ulipitishwa kwenye diodi sita ili uwe wa mwelekeo mmoja, ukatulizwa na kapasita, kisha ukaingia katika kidhibiti kinachohakikisha kwamba LED inapata wati 20 wakati wote. Mwanga ukawa thabiti na mzuri, lakini injini ilizimika kila mara, wakati mwingine baada ya dakika moja tu. Nilidhani mafuta yalikuwa mabaya, nikabadilisha. Nikadhani tangi lilikuwa likiingiza hewa, nikaziba viungo vyote. Sababu ilikuwa kidhibiti chenyewe. Injini ikipunguza mwendo kidogo kwa sababu yoyote, volti za jenereta hushuka. Kidhibiti, kwa kuwa kimeamriwa kutoa wati zile zile, huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia. Mkondo ukiongezeka, jenereta huwa nzito kuzungusha, injini hupungua mwendo tena, volti hushuka tena, na mduara huo hufunga injini ndani ya muda usiofika sekunde mbili. Ni sawa na kumtwisha mzigo zaidi mtu ambaye ameanza kuyumba.

Injini ya ndege haikuzoea kutendewa hivyo. Kazi yake ya asili ni kuzungusha panga boi la ndege, na panga hilo lina adabu ya pekee: likienda polepole halidai karibu chochote, na likienda kasi hudai nguvu kwa kiwango cha mchemraba wa mwendo wake. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa sababu hiyo injini inayozungusha panga hujipatia pumzi inapochoka, kisha hurudi yenyewe kwenye mwendo wake. Mbunifu alipolitambua hilo, aliliacha wazo la mwanga usiobadilika, akatengeneza kidhibiti kinachosoma mwendo wa jenereta na kuipa LED mkondo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo huo, kana kwamba taa ni panga. Chini ya mizunguko 9,000 kwa dakika taa hupata mkondo mdogo sana. Ikikaribia mizunguko 14,000 hupata wati 20 kamili. Mwanga wa kifaa cha pili hupumua kidogo, na macho hulizoea hilo haraka, lakini injini haijazimika hata mara moja kabla ya mafuta kwisha. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo bora kabisa katika kifaa kizima, na ni jambo ambalo halionekani kwa nje.

Marekebisho mawili mengine yanastahili kutajwa. Diodi za kawaida za silikoni zimebadilishwa kwa zile za Schottky, ambazo hula volti chache zaidi. Umeme hupita kwenye diodi mbili kwa wakati mmoja, na kupoteza zaidi ya volti moja kati ya kumi na mbili si jambo dogo kwa injini hafifu kama hii. Pia zimeongezwa kapasita mbili kubwa zinazohifadhi umeme wa kutosha kuwasha taa ndogo ya wati moja kwa sekunde 40 hivi baada ya injini kuzimika. Katika kifaa cha kwanza, mafuta yalipokwisha, giza lilikuja ghafla na kunikuta nimeshika chombo cha moto mkononi. Sasa ninapata nafasi ya kukiweka chini na kulitafuta chupa la mafuta nikiwa naona.

Kuhusu mwanga wenyewe sina malalamiko mengi. Wati 20 kwa LED za kisasa ni karibu lumeni 2,000, na mwonzi wake ni mpana kiasi kwamba unaweza kufanyia kazi ya mikono bila kusogeza kurunzi kila mara. Injini ya pistoni moja husukuma kwa mapigo, lakini kwa mwendo wake mapigo hayo huzidi 200 kwa sekunde, hivyo jicho halioni kumeta kokote.

Mafuta ya kulainisha ni suala jingine. Injini ya mipigo miwili ya aina hii haina hifadhi ya oili. Oili, ambayo hapa ni mafuta ya mbarika, huchanganywa na methanoli na kiasi kidogo cha nitromethani, na huwa takriban asilimia 20 ya mchanganyiko. Sehemu kubwa yake haiungui. Hutoka kupitia ekzosi kama ukungu unaonata, na hiyo ni karibu mililita 12 kwa kila tangi. Katika kifaa nilichonacho ekzosi imeelekezwa pembeni, karibu mno na kichwa cha taa, na baada ya matangi mawili kioo cha mbele huwa kimefunikwa na utando wa kahawia ambao hauondoki kwa kitambaa kikavu. Nimelazimika kutembea na spiriti ya kufutia. Mkono nao hupata sehemu yake.

Kelele ni kubwa. Watu wawili waliosimama hatua moja kutoka kwenye taa hii hawawezi kuongea bila kupaza sauti, na siwezi kumshauri mtu aitumie bila kuziba masikio. Kizuia sauti kidogo kilichomo kwenye kifaa cha pili kimepunguza ukali wa mlio, si ukubwa wake.

Sasa nifanye hesabu ambayo mnunuzi ataifanya mapema au baadaye. Tangi moja huendesha taa kwa dakika 25. Wati 20 kwa dakika 25 ni takriban wati-saa 8. Seli moja ya lithiamu ya ukubwa wa 18650, yenye uzito wa gramu 48 hivi, hubeba wati-saa 12. Yaani seli moja unayoweza kuificha kiganjani hulishinda tangi zima la mafuta, na haipigi kelele. Hilo humshangaza mtu anayejua kwamba kilo moja ya methanoli ina nishati mara nyingi zaidi ya kilo moja ya betri, lakini jibu liko kwenye udogo wa injini. Silinda ikiwa ndogo, kuta zake huwa kubwa mno zikilinganishwa na gesi iliyomo ndani, na joto ambalo lingesukuma pistoni hupotelea kwenye chuma. Kwa hesabu yangu, chini ya asilimia 5 ya nishati ya mafuta ndiyo hufika kwenye LED ya kurunzi hii. Faida inayobaki ni moja: tangi hujazwa kwa dakika moja, na lita moja ya mafuta huendesha taa kwa karibu saa saba bila kusubiri chaja. Kwa anayekaa mbali na umeme kwa siku nyingi faida hiyo ina maana, ingawa kwake pia paneli ya jua na seli za akiba zingefaa zaidi.

Historia ina mfano unaolingana na huu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliifufua injini ya hewa ya moto, ambayo Robert Stirling wa Scotland aliipatia hataza mwaka 1816, kwa lengo la kuendesha redio mahali pasipo na umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na jenereta ya karibu wati 200 iliyo tulivu na iliyoundwa vizuri, lakini transista na betri bora ziliifanya redio isihitaji tena injini. Ni jenereta 150 hivi tu zilizotengenezwa. Ninalitaja hilo kwa sababu nadhani mbunifu wetu angefanya vyema kuitazama injini ya Stirling kwa taa yake ijayo. Moto wake huwaka nje ya silinda bila milipuko, haitapaki oili kwenye kioo, na kama ni nzito zaidi, basi iwe taa ya kusimama mezani badala ya kurunzi.

Yapo mambo ya usalama ambayo maelezo yanayoambatana na kifaa yanayagusa kwa mstari mmoja tu, na hilo sikulipenda. Mwali wa methanoli hauonekani mchana, kwa hiyo mafuta yaliyomwagika yanaweza kuwa yanaungua bila mtu kujua. Methanoli ni sumu, na huweza kupofusha ikinywewa. Ekzosi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, hivyo taa hii isiwashwe ndani ya nyumba, hema au shimo, hata kwa dakika chache. Silinda nayo huunguza ngozi. Kwenye ndege hupozwa na upepo wa panga, na hapa feni ndogo iliyowekwa badala yake hufanya kazi hiyo kwa shida taa inaposimamishwa wima.

Nimemwandikia mbunifu kwamba ageuze ekzosi ielekee nyuma, aweke kinga ya waya kuzunguka silinda, na maonyo yachapishwe kwenye mwili wa kurunzi yenyewe. Anayetafuta taa ya kumulikia njia asiinunue. Anayefundisha ufundi wa umeme au wa injini, au anayejifunza mwenyewe, aichukue toleo la pili pamoja na kidhibiti cha toleo la kwanza kama bado kinapatikana, avibadilishe kwa zamu juu ya injini ile ile, na asikilize jinsi inavyozimika kwa kimoja na kupona kwa kingine.