Mfano wa Nyambizi E9 kutoka Karakana ya Mwembetanga: Tathmini ya Mwalimu wa Historia

Karakana nyingi za useremala za Unguja mjini hutengeneza mifano ya majahazi na ngalawa kwa ajili ya wageni, na sehemu kubwa ya kazi hizo huishia kuwa pambo la rafuni. Kazi ninayoitathmini hapa ni ya aina nyengine. Ni mfano wa nyambizi ya Kiingereza E9, uliochongwa kwa mti wa mfenesi katika karakana ndogo ya Mwembetanga, ambao niliuagiza kwa ajili ya kufundishia Vita Vikuu vya Kwanza katika skuli ya sekondari. Nimeridhika nao sana, ingawa zipo kasoro ambazo mtu anayetaka kitu kama hiki anapaswa kuzijua kabla hajatoa arubuni.

Niliichagua E9 kwa sababu ya ofisa aliyeiongoza, Max Horton. Alizaliwa mwaka 1883 katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na alijiunga na jeshi la majini la Uingereza mwaka 1898, kabla hajatimiza miaka 15. Aliingia katika nyambizi wakati ambapo maofisa wengi wakubwa waliziona kuwa silaha ya hila isiyomfaa muungwana. Admirali Arthur Wilson anatajwa kuwa alitaka mabaharia wa nyambizi za adui wanyongwe kama maharamia. Nyambizi ya kwanza kukabidhiwa Horton ilikuwa A1, ambayo mwaka 1904 ilikuwa imegongwa na meli ya abiria na kuzama na watu wake wote 11, kisha ikaopolewa. Baada ya hapo aliongoza C8, akaongoza D6, na vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914 tayari alikuwa na E9. Maisha ya kazi ya namna hii ni magumu kuyaeleza kwa chaki na ubao peke yake, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajaona chombo chenyewe hawezi kupima ugumu wa maamuzi ya aliyekuwa ndani yake.

Mfano una urefu wa mita moja barabara. Nyambizi yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 55 hivi na upana unaokaribia mita 7, na fundi ameutunza uwiano huo, kwani upana wa mfano ni kiasi cha sentimita 12. Ukiupitisha mkono ubavuni hukutani na kovu hata moja la patasi. Matundu ya mirija ya topido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, yametobolewa kwa keekee pale hasa yanapostahiki: mawili omo, moja kila ubavu, na moja tezi. Yale ya ubavuni ndiyo yanayowashangaza wanafunzi, hadi nilipowaonesha kwamba chombo kirefu kama hiki hakigeuki upesi, na kwamba nahodha aliyepishana na adui alihitaji kupiga bila ya kugeuza omo. Nilipokuwa nikimweleza fundi haya kwa kutumia mchoro wangu, aliuinua mti uliokuwa haujamalizika akasema, "Mwalimu, chombo hichi kina midomo mitano na jicho moja." Sentensi hiyo naitumia darasani hadi leo.

Uzuri mkubwa wa kazi hii, hata hivyo, umo ndani. Sehemu ya juu inanyanyuka kama kifuniko cha kasha, na chini yake unaona kuta mbili zinazokigawa chombo, injini za dizeli upande wa tezi, mota za umeme nyuma yake, na betri zilizopangwa chini ya sakafu. Fundi amevitengeneza vyote kwa vipande vya mti vya rangi tofauti, bila ya kupaka rangi yoyote, kiasi kwamba mwanafunzi anatambua kwa macho kipi kilifanya kazi juu ya maji na kipi chini. Humo ndimo walimoishi watu wapatao 30, bila ya faragha, wakivuta hewa iliyozidi kuwa nzito kadiri walivyokaa chini.

Somo la kwanza nililolifundisha kwa mfano huu ni la tarehe 13 Septemba 1914. Asubuhi hiyo, karibu na kisiwa cha Heligoland, Horton aliiona manowari ya Kijerumani Hela, akaipiga kwa topido mbili na kuizamisha, ikiwa ni meli ya kwanza ya adui kuzamishwa na nyambizi ya Kiingereza katika vita vile. Aliporudi bandari ya Harwich alipandisha bendera ya maharamia, yenye fuvu na mifupa, na wengi wanaamini kwamba alikuwa akiyajibu maneno ya akina Wilson. Wanamaji wa nyambizi wa Uingereza wameiendeleza desturi hiyo baada yake.

Wiki moja tu baadaye, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, vita hivyo hivyo viliingia katika bandari yetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaishambulia kwa mizinga kutoka masafa ambayo mizinga ya Pegasus haikuweza kuyafikia. Watu 38 walikufa, na makaburi ya baadhi yao yapo katika kisiwa cha Chapwani, yanayoweza kufikiwa kwa mashua kutoka mjini. Naona ni jambo la lazima kuyasoma matukio haya mawili pamoja. Mwanafunzi anayeliona kaburi la Chapwani na kisha akaushika mfano huu anaelewa kwa nini ofisa kijana katika Bahari ya Kaskazini aliamini kwamba chombo kidogo kinachojificha kitaibadilisha vita ya baharini, kwani Pegasus iliangamia kwa sababu ilionekana, haikuweza kuondoka, na silaha zake hazikufika.

Kuhusu kasoro, ya kwanza ni periskopu, yaani bomba la kuchungulia juu ya maji, lile "jicho moja" la fundi. Fundi ameitengeneza kwa kijiti kizuri cha shaba, lakini ameigandisha kwa gundi, na hivyo haipandi wala haishuki. Hili si dogo, kwa sababu ustadi wa Horton ulikuwa katika kuipandisha kwa muda mfupi mno na kuishusha kabla ya adui kuona povu lake. Ya pili ni kwamba mfano ulikuja na rafadha moja ilhali E9 ilikuwa na mbili. Nilipomwonesha mchoro tena, fundi aliurekebisha bila ya kudai malipo. Vanishi nayo inang'aa kupita kiasi. Na kazi iliyoahidiwa kuwa tayari kabla ya mitihani ya nusu muhula ilikabidhiwa mitihani imekwisha, jambo lililonilazimu kuufundisha mwanzo wa mada kwa picha.

Pamoja na hayo, mfano umebeba mada yote. Kwa kuufungua nimeweza kueleza namna Horton alivyopenya hadi Bahari ya Baltiki mwezi wa Oktoba 1914, na namna alivyoitoa E9 nyuma ya meli ya kuvunjia barafu wakati wa baridi kali, akazamia, na barafu iliyokigandisha chombo ikayeyuka, kwa kuwa maji ya chini yalikuwa na joto kuliko hewa ya juu. Tarehe 2 Julai 1915 aliipiga na kuiharibu vibaya manowari Prinz Adalbert. E9 yenyewe ilizamishwa na Waingereza wenyewe karibu na Helsinki mwezi wa Aprili 1918, isije ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Wanafunzi husikitika wanapofika hapo, nami siwakatazi. Wanachokipenda zaidi ni kwamba Horton huyo huyo, kuanzia Novemba 1942, aliongoza kutoka Liverpool mapambano dhidi ya nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki, na kwamba mwezi wa Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi zipatazo 40. Aliyewahi kulala juu ya betri zile alijua mwindwaji anafikiri nini.

Nililipa shilingi laki mbili na nusu, pamoja na kitako cha kuuwekea, bei ambayo naiona ni ya haki kwa kazi ya mkono yenye sehemu nyingi za ndani. Anayetaka kuagiza aende na mchoro wenye vipimo vya milimita, aeleze kwa maandishi sehemu zipi zinatakiwa kusogea, asisitize vanishi isiyong'aa, na atoe arubuni ya nusu tu mpaka aone sehemu ya ndani imekamilika. Kwa upande wangu nimeagiza mfano wa Pegasus kwa fundi huyo huyo, wenye uwiano ule ule, ili vyombo hivi viwili viwekwe meza moja.