Steshenari ya Nkuhungu, ukikwama cheti cha kuzaliwa nenda hapo

Jamani wa Dodoma, kama una mtu anahangaika na cheti cha kuzaliwa au namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mpelekeni Nkuhungu, kuna steshenari ndogo kwenye kontena la bluu, mwenye nayo ni dada mmoja kalelewa kituo cha watoto tangu mchanga na sa hivi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, walimchagua Novemba 2024.

Mi nilienda na kijana tunayeishi naye nyumbani. Naye kalelewa kituoni, alitoka alipofika miaka 18, maana sheria ya mtoto ya 2009 inakuhesabu mtoto mpaka hapo tu, akatoka na begi na cheti cha darasa la saba basi, sasa bila cheti cha kuzaliwa NIDA inakuwa shida, bila NIDA hata laini ya simu huwezi kusajili kwa jina lako, na ofisi moja ilishamrudisha mara tatu eti aje na mzazi. Mzazi yupi jamani?

Tulipofika kwenye jina la mama kijana akainama kimya. Dada akaweka kalamu chini, akamwambia mdogo wangu mi nishawahi kukwama hapo hapo, tusikimbizane, tutafute kadi ya kliniki, ya ubatizo, barua ya kituo, chochote. Halafu akafunga duka mchana kweupe akatusindikiza kwa mtendaji kwa miguu na lile vumbi letu, kujaza fomu hakuchukua hata mia, tulilipa kopi tu shilingi 100 kwa karatasi kama wateja wengine.

Na mikutano ya mtaa hakosi, anaulizia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, anataka kujua waliotoka vituoni wanaingiaje kwenye vikundi vya kukopa wakati hata kitambulisho hawana. Mi naishi mtaa ule miaka tisa sijawahi kusikia mtu akiuliza hilo swali.

Kasoro ni benchi moja tu, wengine mnasimama juani, na printa inakwama kwama, siku ya kikao unakuta kufuli. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne.

Cheti kimetoka wiki iliyopita, kijana kakitia kwenye nailoni mbili na kila jioni anakitoa anakisoma, namba ya NIDA bado tunasubiri.