Creep ya Radiohead: mara ya kwanza nilisikiliza nakala mbovu

Nilirushiwa Creep, wimbo wa bendi ya Radiohead, kwenye memori kadi katika kibanda kimoja pale Mwanjelwa, Mbeya, pamoja na nyimbo nyingine kama thelathini. Nikausikiliza wiki nzima nikiwa kwenye daladala, nikauona wa kawaida tu. Baadaye rafiki yangu wa Sae akanivalisha hedifoni akaniwekea wake, alioununua mtandaoni. Nilishtuka. Ule wangu ulikuwa umebanwa kiasi kwamba magitaa yalisikika kama mvua juu ya bati. Siku hiyohiyo nikanunua, na tangu hapo ni mwaka wa pili naupiga karibu kila siku. Kama unautafuta, chukua nakala safi, na usiusikilize kwa spika ya simu.

Sababu ni moja: gitaa la Jonny Greenwood, mmoja wa wapiga gitaa wa bendi hiyo. Ubeti wa kwanza ni mpole. Ngoma, besi, gitaa linalodonolewa uzi mmoja mmoja, na Thom Yorke anaimba kama mtu aliyeinamisha uso. Dakika ya kwanza inapokaribia kutimia, gitaa la pili linakohoa: kha-kha! Kha! Nyuzi zimezibwa na mkono, zinapigwa kwa nguvu, kisha kiitikio kinaporomoka juu yako. Mwenzao Ed O'Brien alieleza kwamba Jonny hakupenda upole wa wimbo ule, akapiga vile ili auharibu. Wakaacha ubaki hivyo. Kwenye nakala ya kibandani kile kikohozi hakipo kabisa, kuna mkwaruzo tu. Ukikosa hapo, umekosa wimbo wenyewe.

Hawa ni vijana watano wa Oxfordshire, Uingereza. Yorke alianza kuutunga akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Exeter, wakaurekodi kwenye studio ya Chipping Norton mwaka 1992 na maprodyuza wawili wa Kimarekani, Sean Slade na Paul Kolderie. Ulipotoka Septemba mwaka huo haukwenda popote. BBC Radio 1 waliona una huzuni mno. Redio za Israeli ndizo zilizoubeba kwanza, kisha za Marekani, na ulipotolewa tena Uingereza mwaka 1993 ukafika nafasi ya 7. Huwa nawaza wale vijana kati ya tarehe hizo mbili, kazi yao imekataliwa nyumbani huku watu wa mbali wanaiomba redioni.

Sasa niseme na wapiga gitaa wenzangu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wimbo mzima una kodi nne (yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazozunguka: G, B, C, halafu C maina, ile yenye huzuni. Zipige polepole ukiangalia uzi wa pili kutoka chini peke yake. Kwenye G weka kidole chumba cha tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo ya gitaa. Kwenye B ni cha nne, kwenye C cha tano. Ukifika C maina kinarudi cha nne. Yaani sauti inapanda ngazi moja, nyingine, halafu inateleza. Maneno yanasimulia mtu anayemtamani mwenzake na kujiona hastahili hata kusimama karibu naye, na huo uzi mmoja unasimulia jambo lilelile. Nilipoligundua hilo niliweka gitaa chini. Mwendo huo wa kodi umefanana na wimbo wa zamani wa The Hollies, ndiyo maana watunzi wake, Albert Hammond na Mike Hazlewood, wanatajwa kwenye Creep pia. Ni haki yao. Angalizo: B na C maina ni za kubana nyuzi karibu zote kwa kidole kimoja, na asubuhi ya mwezi wa sita hapa Mbeya vidole havikubali. Mimi hupasha mikono kwanza kwenye kikombe cha chai.

Wapo wanaosema wimbo huu unamzamisha mtu. Kwangu haikuwa hivyo. Nilitoka Tukuyu kuja kidato cha tano mjini nikiwa na sweta la kaka yangu na aibu ya kufungua mdomo darasani. Ningekuwa na wimbo huu wakati ule, ningejua kwamba kuna mwingine kama mimi.

Kasoro ipo: toleo la albamu lina tusi mwishoni mwa ubeti, kabla tu ya kiitikio. Nyumbani kwenye watoto tafuta toleo la redio, limebadilishwa neno hilo na muziki ni uleule. Albamu yenyewe, Pablo Honey ya Februari 1993, nimeisikiliza yote mara mbili. Sijaona humo wimbo wa kuusogelea huu.

Juzi kijana anayepiga besi kwenye kwaya yetu alinisikia nikiupasha kabla ya mazoezi.

“Kaka, nirushie huo.”

“Sikurushii. Njoo nyumbani usikilize kwanza.”

Alikuja Jumapili jioni. Nikamvalisha hedifoni, nikakaa kimya nikimtazama. Kwenye ubeti alikuwa anatikisa kichwa taratibu tu. Gitaa lilipokohoa alizivua haraka akageuka kuangalia mlango, akidhani kuna kitu kimeanguka jikoni. Kisha akazivaa tena, akarudisha mwanzo.