Mfuko mdogo wa SenSura Mio Click: unafaa kwa mtoko?

Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko unaojibandika wa stoma, yaani mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo kwa upasuaji ili choo kipitie hapo, kwa kuwa dada yake Thora aliogopa kutoka mbele za watu baada ya upasuaji. Wazo hilo ndilo lililozaa kampuni ya Coloplast mwaka 1957. Basi bidhaa yao hii tumeipima kwa kipimo hicho hicho: je, mtu atatoka na mpenzi wake na kuvua nguo bila hofu?

Kwa mwenye kolostomia (stoma ya utumbo mpana), ndiyo. Bamba la gundi linalozunguka stoma hubaki kwenye ngozi, na mfuko hubanwa kwenye ringi yake mpaka ulie klik. Mchana unavaa mfuko mkubwa. Jioni unautoa na kuweka mdogo uliofungwa, usio na mdomo wa kumwagia; bamba usiliguse. Kitambaa chake cha kijivu hakichakarishi chini ya nguo.

Mwenye ileostomia (stoma ya utumbo mwembamba) asiukimbilie. Choo chake ni majimaji na hutoka mara kwa mara, kwa hiyo mfuko mdogo hujaa upesi na uzito huvuta bamba. Avae mfuko wa kumwaga, na aumwage ukijaa theluthi.

Mfuko ukivuja, chunguza kwanza tundu la bamba. Likatwe milimita 2 hadi 3 zaidi ya stoma, si zaidi ya hapo. Stoma husinyaa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo; anayeendelea na kipimo cha hospitali huacha ngozi wazi, choo kinaichubua, na ngozi yenye majimaji haishiki gundi. Mafuta ya nazi na losheni nayo yasifike hapo. Bamba jipya libandike asubuhi ya mtoko au jana yake, ulikandamize kwa kiganja lipate joto.

Kichujio cha mkaa hupunguza harufu vizuri, ila kikilowa hakifanyi kazi tena. Kizibe kwa kistika kabla ya kuoga. Harufu ikisikika mfuko ukiwa umefungwa, kagua ringi na kingo za bamba.

Faragha ndipo kasoro inapojitokeza: ringi ni ngumu. Kwa dada anayevaa shanga, hukwaruzana nazo, na mpenzi akilala juu unaisikia tumboni. Shanga zishushwe chini ya bamba au zivuliwe. Kanga iliyokunjwa na kufungwa kibwebwe, bila kukazwa sana, hutuliza mfuko usining'inie. Kulaliwa kidogo hakudhuru stoma, lakini kisiingizwe kitu chochote ndani yake. Na mwenzio aambiwe mapema, kabla ya chumbani, kwa maneno mawili matatu tu.

Mfuko uliofungwa ni wa matumizi ya mara moja, kwa hiyo tungeuweka kwa ajili ya mitoko pekee. Ringi ikikukera, chagua SenSura Mio Flex, ambao mfuko wake hubandikwa kwa gundi na hulala bapa zaidi. Nunua bamba na mfuko vya aina moja na kipimo kimoja, maana mfuko wa Click haushiki kwenye bamba la Flex.