Jaketi okozi la shilingi 65,000, baada ya miezi saba ziwani

Nilijinunulia majaketi okozi mawili jijini Mwanza, moja mjini katikati na jingine jirani na mwalo wa Kirumba. Moja ninalo mpaka leo. Jingine nimelichana kwa kisu, na nitaeleza kwa nini, maana lile nililolichana limenifundisha zaidi.

Mimi ni katekista. Naishi Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, na Jumapili mbili kila mwezi navuka kwenda kisiwani kuongoza ibada kwenye kigango ambacho padri hukifikia mara chache. Tunakwenda kwa mtumbwi wa injini: abiria, magunia ya unga, kreti za soda, siku nyingine na mbuzi. Nimevuka hivyo miaka kumi na tisa bila kuvaa jaketi okozi. Huku kwetu mtu mzima akivaa boya, wenzake humtazama kana kwamba anawatabiria msiba. Na mimi nilikuwa na sababu yangu juu ya hiyo: niliona ni aibu mtu anayewafundisha wengine imani aonekane anaogopa maji.

Kilichonipeleka dukani ni kifo cha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu tumbo moja. Alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa anarudi na mzigo wa dagaa wakavu kwenye mtumbwi wa kubeba watu kumi na wawili. Siku ile walikuwa ishirini na mmoja, na magunia. Upepo ukawakuta kabla ya kupambazuka. Waliofika nchi kavu ni tisa.

Kaburini nilisema maneno ninayoyasema siku zote, ya Ayubu: Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nikaongeza na yale yetu ya Kiswahili, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Siku ya kuanua matanga dada yangu aliniita pembeni, akanikalisha mkekani. Akaniuliza, "Kaka, abiria walimwambia nahodha mtumbwi umejaa. Akawajibu, tutafika tu. Hayo maneno ni Mungu aliyeyasema kwa kinywa chake?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai yake, nikaondoka.

Sasa jaketi la kwanza. Nililinunua kwa mchuuzi, shilingi 25,000, rangi ya chungwa, mishono safi, klipu tatu za plastiki, na mistari ya kung'aa mabegani. Ukilivaa unajiona umekamilika. Mvuvi mmoja wa hapa Kayenze alinishauri nisiliamini kabla ya kulilaza majini, nikamsikiliza. Nilijaza pipa, nikalizamisha jaketi na kuliwekea jiwe juu usiku kucha. Asubuhi nilipoondoa jiwe halikupanda. Lilikuwa zito kama blanketi lililolowa. Nikalichana. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji ya godoro, ile inayonyonya maji, vimeshonewa mle kwa uangalifu mkubwa.

Nilikaa na kile kisu mkononi kwa muda mrefu. Katika mafunzo ya ukatekista tulifundishwa juu ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo, aliyezaliwa mwaka 354. Ujanani alifuata kwa miaka kama tisa mafundisho ya Wamani, waliosema wema na uovu ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo. Baadaye akaachana nao, akafundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu katika kitu chema, kama upofu katika jicho. Nililikariri hilo, nikafaulu mtihani, lakini sikuwahi kuliona kwa macho mpaka asubuhi ile. Kitambaa cha lile jaketi kilikuwa kitambaa kizuri. Uzi ulikuwa imara. Klipu zilifunga vizuri. Uovu haukuwa na kitambaa chake wala uzi wake. Uliazima kila kitu kutoka kwenye jaketi la kweli, ukaondoa kitu kimoja tu, kile kinachomfanya mtu aelee.

Na kilichoondolewa hakikuondoka chenyewe. Mtu mwenye akili timamu aliketi penye cherehani akaamua. Angeweza kuweka sponji ngumu, akaweka ya godoro. Nikimsingizia Mungu uamuzi ule, nimemtukana Mungu, na yule mshonaji nimempa ruhusa ya kushona jingine kesho. Hapo ndipo nilipoanza kumjibu dada yangu. Nahodha wa mtumbwi ule naye aliamua. Aliambiwa, akasikia, akachagua nauli tisa zaidi.

Jaketi la pili nililipata kwenye duka la zana za uvuvi pale Kirumba, katikati ya nyavu, kamba na taa za dagaa. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu, mpole, hana haraka ya kuuza. Nilipomsalimu nikamwambia nimekuja kununua baada ya kuzika, alinivutia kigoda akaagiza kahawa. Akanieleza vitu ambavyo ningependa kila anayevuka ziwa hili avijue.

Kwanza, tazama lebo ya ndani. Jaketi la maana linaandikwa nguvu yake ya kuelesha kwa nyutoni na uzito wa mtu anayefaa kulivaa. Nyutoni 50 ni kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Nyutoni 100 ni kwa maji yaliyotulia. Nyutoni 150 ni kwa maji makubwa yenye mawimbi. Nyutoni 100 ni sawa na kunyanyua kilo kumi hivi, na hizo zinatosha kumshikilia mtu mzima, kwa sababu mwili ukiwa majini unakaribia kuelea wenyewe. Pili, pawe na kola nene nyuma ya shingo. Hiyo kola ndiyo inayomgeuza mtu uso utazame juu akizimia. Tatu, mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo jaketi hupanda masikioni na mtu huchomoka chini yake. Nne, filimbi. Mtu aliyekaa saa mbili majini hana sauti ya kupiga yowe, lakini pumzi ya filimbi anayo.

Langu ni la nyutoni 100. Ya 150 alikuwa nayo mawili, bei ilinishinda. Nasema wazi, kwa ziwa hili mwenye uwezo achukue ya 150.

Nilimuuliza mzee swali ambalo waumini wangu huniuliza mimi: hivi kuvaa hiki kitu si kukimbia kadari? Hakutabasamu wala hakunishangaa. Alinisimulia habari ya Khalifa Umar, karne ya 7, alipokuwa safarini kwenda Sham, nchi za Syria, akasikia kuna tauni huko. Akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda, amiri wa jeshi lake huko, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika penye bonde lenye pande mbili, moja ya majani mabichi na moja kame. Popote atakapowalisha, atawalisha kwa kadari ya Mungu. Ila mchungaji ni yeye.

"Na jaketi hili, mwalimu," mzee akaniambia, "nalo liliandikwa liwepo dukani kwangu."

Nilirudi nyumbani nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 27, ambayo nimeisoma kanisani sijui mara ngapi. Merikebu ya Paulo ina watu 276. Malaika amemwahidi Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi imeshatoka mbinguni. Halafu mabaharia wanajaribu kutoroka kwa mtumbwi mdogo, na Paulo huyohuyo anamwambia akida kwamba hawa wasipobaki chomboni, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wanakata kamba za mtumbwi ule. Mwisho wanaojua kuogelea wanaambiwa watangulie, na waliobaki wanafika pwani juu ya mbao na vipande vya merikebu. Ahadi ya Mungu ilipita kwenye mbao zile. Miaka yote hiyo nilikuwa nahubiri malaika, mbao naziruka.

Miezi saba imepita na haya ndiyo niliyoyaona. Jaketi halijanyonya maji: nililizamisha pipani kama lile la kwanza, asubuhi likaruka juu nilipoondoa jiwe. Nimelijaribu pia mwenyewe, penye kina, vijana wawili wakiwa karibu na mtumbwi. Nikalegeza viungo vyote kama maiti. Lilinigeuza uso juu, polepole kuliko nilivyotaka, lakini lilinigeuza. Mistari inang'aa vizuri ukiimulika tochi usiku. Kasoro zipo. Mchana ni joto kali, jasho linatiririka mpaka kiunoni. Kola inakwaruza shingo, nimeishonea kipande cha kanga. Klipu ya katikati imeanza kulegea, na kamba ya filimbi ni fupi mno, inabidi uinamishe kichwa ndipo ufike. Harufu ya dagaa ikishaingia haitoki kwa sabuni yoyote.

Na ipo kazi ambayo jaketi hili haliwezi, na jibu langu kwa dada yangu linaishia hapohapo. Jaketi linapambana na maamuzi ya nahodha. Lakini upepo haukuamua. Maji ya ziwa hukaa na joto usiku wakati nchi kavu inapoa, hewa inatoka kila ufuko kuelekea katikati, inakutana, inapanda, na usiku wa manane mpaka alfajiri radi zinapasuka juu ya maji. Wavuvi wetu wanafia humo. Tena mvua hiyohiyo inayoanguka juu ya ziwa ndiyo inayolijaza: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua, si mito. Dhoruba ikikoma, na ziwa litakoma, na sato, na dagaa, na sisi.

Yuko msomi mmoja parokiani aliyenipa hilo kuwa ndilo jibu: dunia yenye sheria zake lazima iwe na maumivu yake. Huenda ni kweli. Mimi sitalipeleka kwa dada yangu. Siwezi kumketisha mama kwenye mkeka nimwambie mwanawe alikuwa bei ya mvua. Marafiki wa Ayubu walikuwa na majibu mengi na Mungu aliwakasirikia wao, hakumkasirikia Ayubu aliyelalamika. Hata wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Yesu alikataa kusema walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hakueleza kwa nini mnara uliwaangukia wao.

Nikipanda daladala ya Igoma napita yalipo makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani, tarehe 21 Mei 1996. Zaidi ya watu 800 walikufa. Miaka 22 baadaye, 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka ikiwa inakaribia Bwisya, Ukara. Kivuko cha watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228. Mara zote mbili niliongoza sala za marehemu, na mara zote mbili nilisema ni mapenzi yake Mungu. Siyasemi tena. Sasa naomba wapumzike kwa amani, na nasema idadi ya watu kwa sauti, na uwezo wa chombo kwa sauti, ili waumini wasikie hesabu zote mbili ndani ya sala moja.

Kwa jaketi lenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Kwa mwenye duka natoa tano, kwani niliporudi kununua jingine, la mdogo wa marehemu mpwa wangu, alinipunguzia shilingi 10,000 na akamfunga kijana mikanda kwa mkono wake. Dada yangu alikuwepo. Anakuja kanisani, anakaa benchi la nyuma, na ikifika Baba Yetu, kwenye "utakalo lifanyike" ananyamaza. Nimemwona. Sijamwambia kitu.

Jumapili iliyopita tulikuwa kumi na wawili mtumbwini, nahodha akaongeza watatu na pikipiki. Nikamwambia umezidisha. Akacheka, akanionyesha jaketi langu: "Katekista, wewe si umevaa?" Nikashuka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashuka nyuma yangu, na kijana wa mahindi. Mtumbwi ule ulivuka ukafika salama, namshukuru Mungu. Sisi tulipanda uliofuata, na ibada ya kigango siku hiyo ilianza saa sita mchana.